Mdomo wa Kifaranga: Khutba Juu ya Kubadili Maumbo ya Viumbe Tunaowafuga

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake, Aliyekipa kila kiumbe umbo linalokifaa. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na Ahali zake, na Masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu katika mambo makubwa na katika mambo madogo. Na tutakalolizungumza leo huenda likaonekana dogo machoni mwa watu, kwani linahusu kifaranga, kiumbe anayeenea katika kiganja cha mtoto.

Kutoka Mwamapalala, katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, nchi ambayo kabla ya mkoa huo kuundwa mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa ya Bariadi katika Mkoa wa Shinyanga, tumeletewa suali. Vijana wa huko wameanza kufuga kuku wa mayai, ambao hununuliwa wakiwa na umri wa siku moja kutoka katika vituo vya kutotolesha vifaranga. Wameambiwa kuwa kuku hao hukatwa ncha ya mdomo ili wasidonoane, na wengine wamewaona majirani wakiifanya kazi hiyo kwa kisu kilichopashwa moto jikoni. Wanauliza: Je, jambo hili linajuzu katika dini? Na mayai ya kuku hao, na fedha yake, yana hukumu gani?

Suali hili limetupendeza, kwa kuwa aliyeuliza amejua kwamba hata mdomo wa kifaranga una hukumu. Wanazuoni wa fiqihi wametufundisha kuwa hukumu ya jambo hufuata kulijua vyema jambo lenyewe. Basi kabla ya kujibu, yatupasa tuitazame historia yake: Waarabu wa zamani walifanya nini katika miili ya wanyama wao, Mtume (Rehema na Amani zimshukie) aliwakuta vipi na akawaambia nini, kisha huku kukata midomo kulizuka wapi na kwa sababu gani.

Ndugu zetu, zama za Jahiliya Waarabu walikuwa na ada ya kuwapasua masikio ngamia wao. Ngamia jike aliyezaa idadi fulani ya mimba hupasuliwa sikio, akaitwa Bahira, maziwa yake yakaharamishwa na mgongo wake usipandwe, kwa jina la masanamu. Qurani Tukufu iliikanusha ada hiyo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 103, ikabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka sheria kama hiyo. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, tunasimuliwa kiapo cha Ibilisi: kwamba atawaamrisha watu wayakate masikio ya wanyama, na atawaamrisha waligeuze umbo la Mwenyezi Mungu. Wafasiri wa mwanzo walikhitilafiana katika maana ya kugeuza umbo. Wako waliosema ni kuhasi wanyama, na wako waliosema ni kuigeuza dini. Lakini sote twaona kwamba kukata kiungo cha mnyama kwa ajili ya dhana tupu kumetajwa pale pale penye kiapo cha adui yetu.

Kisha Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wana ada nyingine. Abu Waqid Al-Laithi amesimulia, katika khabari waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kuwa watu walikuwa wakikata nundu za ngamia na mikia ya mafuta ya kondoo ilhali wanyama wenyewe wangali hai, wakala. Mtume akahukumu kwamba kipande kinachokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga. Kwa hukumu hiyo moja faida ya tendo lile iliondoka, na kwa kuondoka faida, mnyama akasalimika.

Na Jabir bin Abdillahi amesimulia, katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume alipita kwa punda aliyetiwa chapa ya moto usoni, akamlaani aliyemtia chapa hiyo. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Chapa si haramu katika kila hali, kwani Anas bin Malik amesimulia kuwa alimkuta Mtume mwenyewe akiwatia chapa ngamia wa sadaka, ili wasichanganyike na mali za watu. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, alipozifafanua khabari hizi alibainisha kuwa chapa ya usoni imekatazwa kwa kila mnyama, na chapa isiyokuwa ya usoni inajuzu kwa haja ya kuwatambulisha.

Wafugaji wa Usukuma wanayaelewa maneno haya bila ya kufafanuliwa sana. Wao wameijua chapa ya ng'ombe tangu zama za babu zao. Mwaka 2017 Serikali iliamuru ng'ombe wa nchi nzima watiwe chapa, na baada ya hapo zikaja hereni za masikioni. Mfugaji anajua kuwa chuma kile kina haja, ya kumtambulisha mwenye mali na kumkamata mwizi. Na anajua pia kuwa mahali pa kukiweka pana khiari, na kwamba mwenye huruma hakiweki machoni pa mnyama. Basi sheria ilitutangulia katika kutofautisha hayo: iko haja, na uko mpaka wa haja.

Enyi ndugu, kuku naye ametajwa kwa jina lake. Abu Musa Al-Ash'ari alisema kuwa alimwona Mtume akila nyama ya kuku, na kwa hiyo hakuna shaka ya uhalali wake. Lakini kiumbe huyo huyo aliyehalalishwa kuchinjwa aliwasimamisha Masahaba wawili wakubwa. Imamu Bukhari amepokea kuwa Anas bin Malik, alipokuwa mtu mzima sana, aliingia nyumbani kwa Al-Hakam bin Ayyub akawakuta vijana wamemfunga kuku wakimpiga mishale. Akawakumbusha kuwa Mtume amekataza wanyama kufungwa kwa namna hiyo. Na Abdullahi bin Umar aliingia nyumbani kwa Yahya bin Said, akamkuta kijana amemfunga kuku amtupie. Ibn Umar hakutosheka na kukemea. Alimwendea kuku yule, akamfungua kwa mkono wake, kisha akaja naye pamoja na yule kijana mbele ya wakubwa wa nyumba, akawaambia wawakataze watoto wao. Tazameni, Sahaba aliyepokea elimu kutoka kwa Mtume hakuona haya kumbeba kuku kifuani mwake na kumtetea.

Na vifaranga nao wana khabari yao. Abdullahi bin Masud amesimulia, katika mapokezi ya Abu Daud, kuwa walikuwa safarini pamoja na Mtume, wakaona ndege mdogo ana makinda mawili, wakayachukua. Mama yao akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha huyu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru arejeshewe. Katika khabari hiyo hiyo Mtume aliona kichuguu cha sisimizi kilichochomwa, akafundisha kuwa kuadhibu kwa moto hakumpasi yeyote ila Mola wa moto.

Tunaposoma khabari hii, makinda na moto vikiwa mahali pamoja, hatuna budi kukumbuka yaliyotokea katika mpaka wa Namanga mwezi wa Oktoba 2017. Vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila ya kibali walikamatwa wakateketezwa kwa moto, na iliripotiwa kuwa walikuwa hai. Sababu iliyotolewa ni kuzuia maradhi ya ndege yasiingie nchini. Kuzuia maradhi ni haja ya kweli na watawala wana wajibu nayo. Lakini katika Sahihi ya Muslim, Shaddad bin Aus amepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuua, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Haja ya kuua haimtoi mtu katika wajibu wa kuchagua njia ya kuua. Na ikiwa hivyo ndivyo katika kuua, basi katika kukata kiungo cha anayebaki hai, akaendelea kuishi na jeraha lake, wajibu ni mkubwa zaidi.

Wanazuoni waliokuja baadaye waliyakusanya mafundisho haya wakayafanya sheria. Katika Minhaj, kitabu cha Imamu An-Nawawi kilichosomwa miaka mingi katika vyuo vya pwani yetu, haki za wanyama zimetiwa katika mlango wa matumizi, pamoja na haki za mke na watoto. Mwenye mnyama akikataa kumlisha, kadhi humlazimisha amlishe, au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria, sawa na 1262 Miladia, alizihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe. Alisema alishwe hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetumainiwa faida, asibebeshwe asichokiweza, pahali pake pa kulala pafanywe pazuri. Akaongeza haki moja tunayokuombeni muishike, kwani tutaihitaji katika khutba ya pili: mnyama asichanganywe na atakayemdhuru kwa kumvunja au kumjeruhi, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine.

Nasema kauli hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Mwaminifu.

Enyi Waislamu, kutotolesha vifaranga bila ya mama si jambo lililoletwa jana na wageni. Nchi ya Misri imelijua tangu kale, na mwanachuoni wa Baghdad, Abdullatif Al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, alikwenda Misri akaliandika kwa urefu. Alieleza nyumba za udongo zenye vyumba vya mayai, joto la samadi inayoungua polepole, na mafundi wanaoyageuza mayai na kuyapima kwa mkono mpaka vifaranga watoke. Ufundi huo uliwashangaza watu wa Ulaya karne nyingi baadaye, na katika karne ya kumi na nane Mfaransa Réaumur aliuchunguza na kuuiga. Vifaranga wa Misri walipototolewa waligawiwa kwa wanavijiji, wakakulia uani na mashambani, wakichakura ardhi kama kuku wengine.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya ishirini, na hasa huko Marekani. Hapo zamani kuku hakuweza kufungiwa ndani mwaka mzima, kwani akikosa jua mifupa yake hulegea. Katika miaka ya 1920 ilipojulikana vitamini D, ambayo hupatikana katika mafuta ya ini la samaki, watu waliweza kumlisha kuku kile alichokuwa akikipata juani. Milango ya mabanda ikafungwa. Kuku waliokuwa makumi wakawa maelfu chini ya paa moja, na katika miaka ya 1930 vizimba vya nyaya vikaanza kuenea. Mayai yakawa mengi na bei yake ikashuka, na maskini wa mijini wakapata chakula ambacho hawakukimudu kabla. Hatuna haki ya kuificha faida hiyo.

Lakini ndani ya mabanda yale kuku walianza kudonoana. Wapo waliong'olewa manyoya mpaka ngozi ikabaki tupu, na wapo walioliwa matumbo wangali hai. Sababu yake haikuwa uovu wa kuku. Mwenyezi Mungu amemuumba kuku awe mwenye kudonoa tangu alfajiri mpaka magharibi. Huichakura ardhi, akaokota punje, mdudu, jani na kijiwe. Ardhi ilipoondolewa chini ya miguu yake, mdomo wake haukuacha kazi yake, ukaigeukia ngozi ya mwenzake.

Basi katika miaka ya 1930 watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ohio walianza kuikata midomo. Huko San Diego katika jimbo la California, kiasi cha mwaka 1940, wafugaji waliichoma ncha ya mdomo wa juu kwa mwale wa gesi. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1940 kampuni moja ya mji huo ikatengeneza mashine ya umeme yenye kisu kinachowiva kwa moto, kikate na kuziba damu kwa pamoja. Kisu cha namna hiyo hupashwa kwa joto la nyuzi 650 hivi. Kutoka hapo desturi ilienea duniani. Na kukata mdomo hakukuwa peke yake. Wako waliokata undu wa jogoo, yaani ule upanga mwekundu wa kichwani, na wako waliokata ncha za vidole vya vifaranga ili kucha na vipi visije vikawajeruhi majike. Tangu mwanzoni mwa karne hii ya sasa imekuja mashine nyengine katika vituo vikubwa vya kutotolesha. Kifaranga wa siku moja hushikwa kichwa, mwale mkali ukaupiga mdomo, na ncha yake ikadondoka yenyewe baada ya wiki chache.

Kwa miaka mingi watu waliambiwa kuwa mdomo wa kuku ni kama ukucha, ukikatwa hauumi. Maneno hayo si kweli. Ndani ya mdomo mna mfupa, damu na mishipa mingi ya fahamu, na ncha yake ndiyo mkono wa kuku, anaojulia kipi chakula na kipi mchanga. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Edinburgh, Breward na Gentle, walionyesha kuwa katika kigutu cha mdomo uliokatwa huota vifundo vya mishipa ya fahamu, vinavyotoa ishara zisizo za kawaida, mfano wa vile vinavyomtesa mtu aliyekatwa mguu akawa anahisi maumivu ya mguu usiokuwapo. Kabla ya hapo, mwaka 1965, kamati iliyoundwa na Serikali ya Uingereza chini ya Profesa Brambell ilikuwa imekwisha kushauri kuwa kuikata midomo ya kuku wa vizimbani kukatazwe. Norway ilikataza mwaka 1974, Sweden mwaka 1988. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 1999 kwamba nchi inayoruhusu iruhusu kwa vifaranga wasiofikia siku 10 tu, na kwa mikono ya watu waliofunzwa. Uholanzi nayo iliiacha desturi hii mwaka 2018.

Na jambo lenye mazingatio zaidi lilitokea Marekani kwenyewe. Katika miaka ya 1990 mtaalamu William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue aliwachagua kuku wa kuzalisha kwa kuangalia jamaa nzima inayoishi pamoja kwa salama, asiangalie kuku mmoja mmoja anayetaga sana. Kuku wake hawakukatwa midomo. Vifo vizimbani vilikuwa asilimia 68 kwa mwaka, na katika vizazi viwili vya kuku vikashuka mpaka karibu asilimia 9. Ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ule ilitokana na uchaguzi wa wafugaji wenyewe, waliomzalisha kuku anayewashinda wenzake.

Sasa rejeeni kwenye ile haki aliyoitaja Sheikh Izzuddin katika karne ya kumi na tatu, ya kutomchanganya mnyama na atakayemjeruhi wa jinsi yake. Yeye aliuweka wajibu juu ya mwenye banda. Mabanda ya karne ya ishirini yaliuondoa wajibu huo juu ya mwenyewe, yakautwika mdomo wa kifaranga.

Wala msidhani kuwa Waislamu wa zama hizi wamelinyamazia jambo hili. Al-Hafiz Basheer Ahmad Masri aliishi Afrika Mashariki tangu mwaka 1941 mpaka 1961, akawa mwalimu mkuu wa skuli ya sekondari, kisha katika miaka ya 1960 akawa imamu wa msikiti wa Woking huko Uingereza. Mwaka 1989 alitoa kitabu chake Animals in Islam, ambamo aliupima ufugaji wa viwandani kwa mizani ya Sharia. Yafaa wanafunzi wetu wajue kuwa kazi hiyo iliandikwa na mtu aliyekanyaga ardhi hii yetu.

Enyi ndugu wa Mwamapalala na wote mnaotusikiliza, sasa tunalijibu suali, na hii ndiyo rai yetu.

Mayai ya kuku aliyekatwa mdomo ni halali, na fedha yake ni halali, kwa sababu yai si sehemu ya jeraha. Kilichokatwa ndicho mzoga. Dhambi ikiwapo iko juu ya mkono uliotesa, na juu ya aliyeamrisha naye anajua.

Ama kukata kwenyewe kuna daraja zake. Anayekata kwa mazoea tu, bila ya kudhihiri kudonoana kokote, huyo amemuumiza kiumbe bila ya haja, na kumtesa mnyama bila ya haja ni haramu kwa makubaliano ya wanazuoni. Na tuongeze kuwa mdomo wa kuku uko usoni pake. Aliyelaaniwa katika khabari ya Jabir ni yule aliyeutia moto uso wa punda, hali ya kuwa chapa yenyewe ina haja na ina mahali pengine pa kuwekwa. Basi moto usoni pa kifaranga nao unahitaji hoja nzito kuliko mazoea.

Anayekata kwa kuwa kuku wake wanadonoana, naye amewasonganisha, amewapunguzia chakula, amewawashia taa kali usiku kucha, huyo ameitengeneza haja kwa mikono yake mwenyewe. Wajibu wake wa kwanza ni kuliondoa lile alilolifanya. Awape nafasi, kwani miongozo mingi ya ufugaji nchini mwetu hushauri kuku wa mayai 5 au 6 kwa mita moja ya mraba. Awape chakula chenye dagaa au soya ya kutosha na chumvi kidogo, maana upungufu wa protini na chumvi huwafanya watafute damu. Atandaze pumba za mpunga au maranda waweze kuchakura, awatundikie mchicha au majani mengine mabichi wadonoe. Aweke viota vyenye giza vya kutagia na vijiti vya kulalia, apunguze mwanga na joto. Na kuku aliyejeruhiwa amtenge siku hiyo hiyo, kwa sababu damu ya mmoja huwaita wote. Mwenye kuku 20 au 50, kama walivyo wafugaji wengi wa vijijini, anaweza kuyafanya haya yote bila ya gharama kubwa.

Na aliyeyafanya hayo yote kwa uaminifu, kisha kudonoana kukazidi na kuku wakafa, huyo amekabiliwa na madhara mawili, na kanuni ya fiqihi humruhusu kulibeba lililo jepesi. Lakini na aliendee kwa ihsani. Akatiwe na mtaalamu wa mifugo mwenye chombo kinachofaa, katika siku za mwanzo za umri wa kifaranga, na iondolewe ncha tu. Kisu cha jikoni, wembe na mkono wa mtoto asiyefunzwa havina nafasi katika jambo hili. Na nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na kuitii sheria inayozuia mateso ni katika kuitii dini.

Tena mnunuzi ana sauti. Unapoagiza vifaranga, uliza kama wamekatwa midomo, na uwatake wasiokatwa. Muuzaji hufuata soko, na soko ni sisi.

Ndugu zetu, mama zetu wa Usukuma wanamjua kuku, waliyemwita ngoko, kwa kumtazama. Humwona ameatamia siku 21 akiwa na njaa, kisha akatoka na vifaranga wake kuwafundisha kuchakura chini ya ghala. Kuku huyo hutaga mayai machache, na hatuwaambii watu waache kufuga wale wa kisasa, kwani familia zinasomesha watoto kwa mayai hayo. Twasema kuwa anayepata mayai mengi kutoka kwa kuku amejitwika deni kubwa zaidi kwake. Qurani imetufahamisha, katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, kuwa wanyama watembeao na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Siku hiyo kifaranga asiyekuwa na lugha duniani hatakosa wa kumsikiliza.

Ewe Mola wetu, tujaalie huruma kwa walio chini ya mikono yetu ili nawe uturehemu sisi tulio chini ya uwezo wako. Zibariki riziki za wafugaji wetu, waepushe na maradhi na hasara, na waonyeshe njia iliyo nyepesi kwao na kwa mifugo yao. Tusamehe sisi, na wazazi wetu, na Waislamu wote wanaume na wanawake, walio hai na waliotangulia. Ewe Mola wetu, teremsha mvua ya kheri juu ya nchi yetu, wanywe watu na wanyama na ndege.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa ajili ya Sala.